Takwimu na Imani: Jaribio la Dawa za Ebola katika Beni na Butembo, 2018–2019

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wanaoanza somo la takwimu hukutana na mambo mawili yanayowatatiza kuliko mengine. La kwanza ni mipaka ya imani, yaani namna ya kusema, baada ya kupima watu wachache, ukweli kuhusu watu wengi unaweza kuwa kati ya kiasi gani na kiasi gani. La pili ni upimaji wa nadharia tete, yaani namna ya kuamua iwapo tofauti iliyoonekana kati ya makundi mawili ni ya kweli au ni ya bahati tu. Kwa kawaida mambo haya hufundishwa kwa mifano ya kurusha sarafu na ya mipira ya rangi iliyotiwa ndani ya mfuko. Mwanafunzi hujifunza kanuni, akafaulu mtihani, na asione kwa nini kanuni hiyo ilihitajika.

Makala haya yanayafuatilia mambo hayo mawili katika historia ya karibu ya miji miwili ya Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kati ya mwezi Novemba 2018 na mwezi Agosti 2019, huko Beni na Butembo pamoja na maeneo ya jirani ya Katwa na Mangina, hesabu hizo hizo za darasani ndizo zilizoamua wagonjwa wa Ebola wapewe dawa zipi na zipi ziachwe. Jaribio hilo lilipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, na katika maandishi ya kitaalamu ya ulimwengu mzima linajulikana kwa kifupisho chake, PALM.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba imani inayozungumzwa na wanatakwimu si imani juu ya jibu lililopatikana, bali ni imani juu ya utaratibu uliotumika kulipata. Ili hoja hiyo ieleweke, hapana budi kuanza nyuma kidogo, katika milipuko miwili ya Ebola iliyotangulia, ambayo iliacha matumaini mengi na maarifa machache.

2.0 Chimbuko la hesabu zenyewe

Upimaji wa nadharia tete ulienezwa na Mwingereza Ronald Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted na ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 kiliwafundisha watafiti kuuliza swali moja: kama mbolea hii haina athari yoyote, je, tofauti tuliyoiona shambani ingeweza kutokea mara ngapi kwa bahati tupu? Ikiwa ingetokea chini ya mara moja katika ishirini, Fisher aliona inafaa kuizingatia. Hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 5 inayokaririwa na wanafunzi hadi leo. Mwaka 1933 Jerzy Neyman na Egon Pearson waliitengeneza upya kazi hiyo kuwa kanuni ya kufanya uamuzi, wakitenganisha makosa ya aina mbili: kudai tofauti mahali ambapo haipo, na kushindwa kuiona mahali ambapo ipo. Mwaka 1937 Neyman alieleza kwa ukamilifu nadharia ya mipaka ya imani.

Kutoka mashambani mbinu hizo ziliingia hospitalini. Mwaka 1948 yalichapishwa nchini Uingereza matokeo ya jaribio la dawa ya streptomycin kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Katika jaribio hilo mwanatakwimu Austin Bradford Hill aliandaa utaratibu wa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu badala ya kumwachia daktari achague nani apewe dawa. Shabaha ilikuwa kuyafanya makundi yafanane katika kila jambo isipokuwa dawa. Bila ya mfanano huo hesabu hufanyika, lakini hujibu swali jingine.

3.0 Kikwit, 1995: wagonjwa wanane

Mwaka 1995 Ebola iliushambulia mji wa Kikwit, magharibi mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Watu 315 waliugua, na takriban asilimia 81 kati yao walikufa. Mwezi Juni, mlipuko ulipokuwa unaelekea mwisho, waganga wa Kikongo waliwatia wagonjwa wanane damu iliyotolewa na watu waliokwisha kupona. Mantiki yao ilikuwa nyepesi na yenye nguvu: aliyepona ana kingamwili katika damu yake, na kingamwili hizo huenda zikamsaidia mgonjwa. Kati ya hao wanane, saba walipona na mmoja alikufa.

Mwanafunzi wa takwimu anaweza kulipima jambo hili kwa kalamu na karatasi. Tuchukulie kwamba damu ile haikuwa na faida yoyote, na kwamba kila mgonjwa alikuwa na uwezekano wa asilimia 80 wa kufa kama wengine. Uwezekano wa kufa mtu mmoja tu au kutokufa hata mmoja kati ya wanane ni takriban 0.00008, yaani chini ya mara moja katika 10,000. Kwa kipimo cha Fisher nadharia tete ya kutokuwapo faida ingetupiliwa mbali mara moja.

Hata hivyo hesabu hiyo, ingawa ni sahihi, haithibitishi kwamba damu iliponya. Wanane hao hawakuchaguliwa kwa kura. Walitibiwa mwishoni mwa mlipuko, huduma ya uuguzi ilipokuwa imeboreka. Aidha, baadhi yao walikuwa wamekwisha kuugua siku kadhaa kabla ya kutiwa damu, na mgonjwa wa Ebola aliyevuka siku za mwanzo tayari ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko yule ambaye ameanza kuugua jana. Kuwalinganisha na wagonjwa wote wa mji ni kuwalinganisha watu wasiofanana. Wachambuzi waliozingatia baadaye umri, jinsia na idadi ya siku za ugonjwa hawakupata ushahidi wa kitakwimu kwamba damu ile iliokoa.

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kikwit palikuwa na mawingu. Iwapo mvua ingenyesha, hilo lilibaki swali kwa miaka ishirini, mpaka lilipopimwa mjini Conakry, nchini Guinea, mwaka 2015. Huko wagonjwa 84 waliopewa utegili wa damu ya waliopona walilinganishwa na wagonjwa 418 waliotibiwa kabla yao katika kituo hicho hicho. Vifo vilikuwa asilimia 31 kwa asilimia 38. Baada ya kuzingatia umri na wingi wa virusi, tofauti ilishuka hadi pointi 3 tu, na mipaka yake ya imani ilianzia faida ya pointi 13 hadi hasara ya pointi 8. Sifuri ilikuwa ndani ya mipaka hiyo. Kwa hiyo haikuwezekana kusema kwamba utegili ule unaponya.

4.0 Afrika Magharibi, 2015: jaribio lililoishiwa na wagonjwa

Katika mlipuko huo huo wa Afrika Magharibi lilifanyika pia jaribio la kweli la kura. Dawa iliyopimwa iliitwa ZMapp, mchanganyiko wa kingamwili tatu zilizozalishwa ndani ya mimea ya jamii ya tumbaku. Wagonjwa wa Liberia, Sierra Leone na Guinea, pamoja na wachache sana nchini Marekani, waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipewa huduma ya kawaida peke yake, na wengine huduma hiyo pamoja na ZMapp. Mlipuko ulipokwisha, walikuwa wamepatikana wagonjwa 72 tu, na 71 kati yao ndio walioingia katika hesabu. Waliopewa ZMapp walikufa 8 kati ya 36, yaani asilimia 22. Wasiopewa walikufa 13 kati ya 35, yaani asilimia 37.

Tofauti ni pointi 15 hivi. Kwa macho ya kawaida ni tofauti kubwa: katika kila wagonjwa 100, watu 15 wanaokolewa. Lakini mtu akitafuta mipaka ya imani ya asilimia 95 kwa kanuni ya kawaida ya darasani, hupata kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya faida ya pointi 36 na hasara ya pointi 6. Watafiti wenyewe walitumia mbinu nyingine, ya Bayes, wakapata uwezekano wa asilimia 91.2 kwamba ZMapp ni bora kuliko huduma peke yake. Kizingiti walichokuwa wamejiwekea kabla ya kuanza kilikuwa asilimia 97.5. Waliandika basi kwamba dawa inaelekea kufaa, ila kizingiti hakikufikiwa.

Kosa halikuwa la utaratibu, bali ulikuwa uhaba wa wagonjwa. Kanuni ya hesabu ni kwamba upana wa mipaka hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya watu: anayetaka mipaka yake iwe myembamba mara mbili hana budi kupima watu mara nne. Tofauti hii ya pointi 15 inafaa ikumbukwe, kwa sababu itajitokeza tena huko Kivu, kwa ukubwa ule ule hasa, na kupewa hukumu nyingine.

5.0 Beni na Butembo: mlipuko katikati ya kutoaminiana

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa kumi wa Ebola nchini humo. Kitovu kilikuwa Mangina, katika wilaya ya Beni. Ugonjwa ulienea mjini Beni, kisha Butembo na Katwa. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini.

Watu wa Beni walikuwa wamekwisha kuzika wengi kabla ya Ebola kufika. Tangu mwezi Oktoba 2014 mauaji ya raia yalikuwa yakiendelea vijijini na pembezoni mwa mji, na wananchi waliona kwamba hakuna aliyewalinda. Magari mengi na fedha nyingi zilipokuja kwa ajili ya Ebola, swali lilikuwa jepesi kuulizwa: kwa nini sasa, na kwa faida ya nani?

Jambo hilo nalo lilipimwa. Katika mwezi Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Asilimia 25.5 walisema kwamba Ebola haipo. Asilimia 31.9 tu ndio walioamini kwamba viongozi wa mahali pao hutetea maslahi yao. Huu ni mfano safi wa mipaka ya imani kwa anayeanza. Kama watu hao wangechaguliwa kwa bahati nasibu tupu, mipaka ya ile asilimia 25.5 ingekuwa takriban pointi 2.8 kila upande, yaani kuanzia asilimia 22.7 hadi 28.3. Kwa kuwa walichaguliwa kwa hatua, mtaa kwanza na nyumba baadaye, na majirani aghalabu hufanana mawazo, mipaka halisi ni mipana kuliko hiyo. Hata hivyo, popote ukweli utakapoangukia ndani ya mipaka hiyo, maana yake haibadiliki sana: takriban mtu mmoja katika kila wanne hakuamini kwamba ugonjwa upo.

Kutoaminiana huko kulikuwa na gharama. Mwezi Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi iliahirisha upigaji kura katika Beni na Butembo hadi mwezi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, ilhali rais wa nchi alichaguliwa tarehe 30 Desemba bila ya kura zao. Maandamano yalizuka Beni. Mwishoni mwa mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa katika wiki moja. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyekuwa akilitumikia Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo.

6.0 Kura ya wagonjwa

Katika mazingira hayo ndipo jaribio la Pamoja Tulinde Maisha lilipoanza, tarehe 20 Novemba 2018. Liliongozwa kwa pamoja na taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kongo, INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, na taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia magonjwa ya mzio na ya kuambukiza. Daktari Mkongo Sabue Mulangu alikuwa miongoni mwa waongozaji wake, na Lori Dodd alisimamia upande wa takwimu.

Kabla ya hapo, tangu mwezi Agosti, wagonjwa wa Beni walikuwa wakipewa dawa mpya kwa huruma, kila daktari akichagua iliyopo na anayoiona inafaa. Utaratibu huo ulikuwa wa kibinadamu, ila ulielekea kurudia hali ya Kikwit. Daktari akimpa dawa fulani mgonjwa aliyezidiwa na nyingine mgonjwa mwenye nafuu, mwishoni hakuna atakayejua ni dawa iliyoponya au ni hali ya mgonjwa.

Dawa zilizopimwa zilikuwa nne. ZMapp iliyotoka Afrika Magharibi iliwekwa kuwa kipimo cha kulinganishia, maana kumnyima mgonjwa dawa kabisa kusingekubalika. Ya pili ilikuwa remdesivir, inayozuia virusi kuzaliana. Ya tatu, iliyoitwa MAb114, ni kingamwili moja iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Damu hiyo ilichukuliwa miaka kumi na mmoja baada ya kuugua kwake. Hivyo wazo la wale waganga wa Kikwit lilirudi Kongo kwa sura nyingine, safari hii likiwa tayari kupimwa. Ya nne, REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu, iliongezwa baada ya jaribio kuanza.

Wagonjwa wa kila umri walikubaliwa, pamoja na wajawazito na watoto wachanga. Wote walipewa maji, chumvi za mwili, dawa za malaria na za kuua bakteria, pamoja na uangalizi wa karibu. Dawa ya Ebola peke yake ndiyo iliyoamuliwa kwa bahati nasibu. Katika Kiswahili neno kura hubeba maana zote mbili, ya uchaguzi na ya bahati nasibu. Watu walionyimwa kura ya kwanza waliombwa kuikubali kura ya pili, wakiwa wagonjwa mahututi au wazazi wa watoto mahututi. Wagonjwa 681 waliingizwa katika jaribio kwa ridhaa yao au ya jamaa zao.

7.0 Tarehe 9 Agosti 2019

Mpango ulikuwa kuwafikia wagonjwa 725. Hapa ndipo palipokuwa na mgongano mkubwa wa kimaadili. Iwapo dawa moja ni dhaifu, kila wiki ya kuendelea ina maana ya wagonjwa wengine kuangukiwa na kura ya dawa hiyo. Kwa nini basi matokeo yasitazamwe kila siku, na jaribio likasimamishwa mara tu tofauti inapojitokeza?

Jibu linapatikana katika kosa la aina ya kwanza la Neyman na Pearson. Anayetazama mara moja, kwa kizingiti cha asilimia 5, hudanganywa na bahati mara moja katika ishirini. Anayetazama mara nyingi, akingojea siku ambayo tofauti itavuka kizingiti, atadanganywa mara nyingi zaidi, kwa kuwa bahati hupanda na kushuka na siku moja itapanda vya kutosha. Kwa sababu hiyo bodi huru ya kusimamia data na usalama ilipewa ruhusa ya kutazama kwa nyakati zilizopangwa tu, na kwa vizingiti vikali kuliko asilimia 5.

Tarehe 9 Agosti 2019 bodi ilizitazama data za wagonjwa 499. REGN-EB3 ilikuwa imevuka kizingiti chake, na MAb114 ilikuwa karibu nayo, mbali na dawa mbili nyingine. Bodi ilishauri kwamba ZMapp na remdesivir zisitolewe tena katika jaribio, na tarehe 12 Agosti uamuzi huo ulitangazwa kwa ulimwengu. Muyembe alisema kwamba tangu siku hiyo Ebola haitaitwa tena ugonjwa usiotibika.

8.0 Kuisoma mipaka

Matokeo kamili, ya wagonjwa 673, yalichapishwa mwezi Novemba 2019. Ndani ya siku 28 walikufa 84 kati ya 169 waliopewa ZMapp, yaani asilimia 49.7, 93 kati ya 175 waliopewa remdesivir, asilimia 53.1, 61 kati ya 174 waliopewa MAb114, asilimia 35.1, na 52 kati ya 155 waliopewa REGN-EB3, asilimia 33.5.

Tuanze na remdesivir. Tofauti yake na ZMapp ni pointi 3.4, kwa upande wa hasara. Kosa sanifu la tofauti hiyo ni takriban pointi 5.4, likizidishwa kwa 1.96 hutoa pointi 10.6. Mipaka basi ni kuanzia faida ya pointi 7.2 hadi hasara ya pointi 14.0. Sifuri imo ndani, kwa hiyo nadharia tete ya kutotofautiana haikukataliwa. Hii haina maana kwamba dawa hizo mbili zimethibitika kuwa sawa. Ina maana tu kwamba jaribio halikuweza kuzitenganisha.

MAb114 ilipunguza vifo kwa pointi 14.6 ikilinganishwa na ZMapp. Hii ndiyo ile tofauti ya Afrika Magharibi, karibu pointi kwa pointi. Safari hii watu waliohesabiwa ni 343 badala ya 71. Mipaka iliyochapishwa ni kuanzia pointi 1.7 hadi 25.2, na sifuri iko nje. Kama dawa hizo mbili zingekuwa sawa kabisa, tofauti kubwa kiasi hicho ingetokea kwa bahati mara 7 tu katika 1,000. Anayefanya hesabu ya kawaida ya darasani atapata mipaka myembamba zaidi, pointi 4.3 hadi 24.9. Ile iliyochapishwa ni mipana kwa sababu jaribio lililotazamwa njiani na kusimamishwa mapema hulipa gharama ya kutazamwa huko.

REGN-EB3 ililinganishwa na wagonjwa wa ZMapp walioingia tangu dawa hiyo ilipoongezwa, na si na waliotangulia, ili kosa la kulinganisha watu wa vipindi tofauti lisirudiwe. Miongoni mwa hao wa ZMapp walikufa 79 kati ya 154. Tofauti ilikuwa pointi 17.8, na mipaka yake pointi 2.9 hadi 28.9.

Mtu anaweza kuuliza ni ipi bora kati ya hizo mbili zilizoshinda. Asilimia 33.5 ni ndogo kuliko 35.1, lakini mipaka ya tofauti hiyo ya pointi moja na nusu, kwa hesabu ya kawaida, huenea takriban pointi 10 kila upande. Hakuna msingi wa kuipendelea moja. Nchini Marekani zote mbili ziliidhinishwa mwaka 2020, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza zote mbili.

Takwimu hizo zilifichua jambo jingine linalowahusu moja kwa moja watu wa Beni na Butembo. Kwa kila siku moja mgonjwa aliyochelewa kufika baada ya kuanza kuugua, uwiano wa kufa kwa kupona uliongezeka kwa asilimia 11, mipaka ikiwa asilimia 5 hadi 16. Miongoni mwa waliofika wakiwa na virusi vingi mwilini, hata REGN-EB3 haikuzuia vifo vya asilimia 63.6. Waliofika virusi vikiwa vichache na kupewa MAb114 walikufa 10 tu kati ya 101. Dawa ilisaidia pale mgonjwa alipofika mapema, na aliyefika mapema kwa kawaida ni yule ambaye yeye au jamaa zake waliwaamini waganga.

9.0 Suala la istilahi

Kwa msomi wa Kiswahili historia hii inazua swali la neno. Katika vyuo vya Kongo somo hili hufundishwa kwa Kifaransa, na istilahi inayotumika hubeba neno lile lile ambalo kwa kawaida humaanisha kumwamini mtu. Wako wanaotafsiri kwa kutumia neno uhakika. Tafsiri hiyo inavutia, lakini inapotosha: humfanya msomaji adhani kwamba ukweli umo ndani ya mipaka bila ya shaka yoyote.

Neno imani linafaa zaidi, mradi lielekezwe panapostahili. Neyman hakusema kwamba mipaka hii au ile ina uwezekano wa asilimia 95 wa kuuzingira ukweli. Alisema kwamba anayefuata utaratibu huu siku zote ataweka mipaka inayouzingira ukweli mara 95 katika kila 100. Ni sawa na kumwamini fundi wa mizani. Mteja hawezi kujua kama pima hii moja ni sahihi, lakini anaijua mizani na anamjua aliyeikagua.

Nadharia tete nayo ni istilahi yenye mafunzo, kwa kuwa kitu tete ni kile kinachoweza kuvunjika. Nadharia tete huwekwa ili ijaribiwe kuvunjwa. Isipovunjika haijathibitika, imesalimika kwa sasa tu.

10.0 Hitimisho

Kikwit ilitoa thamani ndogo mno ya bahati bila ya ulinganisho wa haki. Afrika Magharibi ilitoa ulinganisho wa haki bila ya watu wa kutosha. Beni, Butembo, Katwa na Mangina zilitoa vyote viwili, na zikavitoa mahali ambapo vituo vilichomwa moto na daktari akauawa. Wagonjwa 290 walikufa katika makundi manne ya jaribio hilo, 177 kati yao wakiwa wamepewa zile dawa mbili ambazo leo hazipendekezwi. Wakati kura zao zilipopigwa, hakuna aliyejua.

Jina la jaribio linasema pamoja, na hesabu zake zinathibitisha kwamba neno hilo halikuwekwa kwa mapambo. Mgonjwa mmoja hawezi kuonyesha kwamba dawa inafaa, wala wanane, wala sabini. Maarifa yanayotumika sasa kila Ebola ya aina hiyo inapozuka yalipatikana kwa kujumlisha watu mia sita na zaidi wa Kivu na maeneo ya jirani, ambao wengi wao waliishi katika miji isiyokuwa na sababu nyingi za kuamini. Anayefundisha mipaka ya imani katika Kiswahili ana mfano wake hapa, na hana haja ya kuanza na sarafu.